Sehemu ya mauzo ya mtandaoni katika biashara ya rejareja hupimwaje?

Sehemu ya mauzo ya mtandaoni ni asilimia inayopatikana kwa kuchukua thamani ya mauzo ambayo wafanyabiashara wa rejareja wameyafanya kwa njia ya mtandao katika kipindi fulani, na kuigawa kwa thamani ya mauzo yao yote ya kipindi hicho. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu uko katika kuamua kipi kiingie juu ya mgawanyo huo, yaani mauzo ya mtandaoni, na kipi kiingie chini, yaani mauzo yote.

Nchini Marekani kazi hii hufanywa na Ofisi ya Sensa, ambayo hutoa makadirio ya kila robo mwaka kuanzia robo ya mwisho ya 1999. Wanaoulizwa ni wauzaji, si wanunuzi: makampuni yaliyoteuliwa katika sampuli hujaza dodoso la kila mwezi, na humo hutaja mauzo yao yote na kiasi kilichouzwa mtandaoni. Kinachoamua ni oda. Ikiwa mnunuzi ametoa oda, au bei na masharti yamekubaliwa, kupitia intaneti, simu ya mkononi, barua pepe au mfumo mwingine wa aina hiyo, mauzo hayo ni ya mtandaoni, hata kama fedha zimelipwa kwa njia nyingine. Kwa kigezo hicho, mtu aliyechagua kitenge dukani Kariakoo akalipa kwa M-Pesa hajanunua mtandaoni, ilhali aliyekiagiza kupitia tovuti na kumlipa mleta mzigo noti mkononi amenunua mtandaoni. Wengi huyachanganya haya mawili, na ndiyo maana takwimu za malipo ya simu haziwezi kushika nafasi ya kipimo hiki.

Jumla ya chini ndiyo husahaulika zaidi, ingawa uzito wake ni uleule. Ofisi ya Sensa huacha nje migahawa, mawakala wa safari na wauza tiketi, lakini hujumuisha magari na mafuta ya magari, bidhaa za thamani kubwa ambazo kwa sehemu kubwa bado hununuliwa ana kwa ana, na hizo huishusha asilimia. Kwa makadirio ya kwanza ya 2023, mauzo ya mtandaoni yalikuwa dola trilioni 1.1, sawa na asilimia 15.4; ukiondoa magari na mafuta, asilimia hiyo hupanda bila mtu yeyote kununua zaidi. Uingereza, kwa mfano, haihesabu mauzo ya magari katika takwimu zake za rejareja, hivyo kuziweka asilimia za nchi hizi mbili bega kwa bega bila kulitaja hilo ni kumpotosha msomaji.

Asilimia inaweza pia kupanda kwa sababu jumla imeshuka. Katika robo ya pili ya 2020, janga la korona likiwa limefunga maduka mengi, makadirio ya awali ya Marekani yalionyesha mauzo ya mtandaoni yakipanda kwa asilimia 31.8 kutoka robo iliyotangulia, huku mauzo yote ya rejareja yakipungua kwa asilimia 3.9; kwa nguvu hizo mbili pamoja, sehemu ya mtandao ilifika asilimia 16.1. Hizo ni takwimu zilizorekebishwa kwa msimu, yaani zilizoondolewa mabadiliko yanayojirudia kila mwaka. Zile zisizorekebishwa huruka kila mwisho wa mwaka kwa manunuzi ya Krismasi, kwa hiyo robo ya nne hulinganishwa na robo ya nne ya mwaka uliopita, si na ya tatu.