Kwenye kompyuta inashika, Dunga haishiki

Lalamiko linaloletwa sana kwenye maabara yetu hapa Kisumu ni hili: kipima kina cha maji kimeundwa, kompyuta imesema ishara yake ya redio itavuka Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, bila shida, lakini kikifungwa ufukweni Dunga, ng'ambo hakipatikani. Mwanafunzi anarudi akilaumu programu. Programu imejibu swali ililoulizwa, basi.

Chukua umbali wa kilomita 10, masafa ya megahezi 868 na nguvu ya miliwati 25. Ukiiambia kompyuta kwamba katikati ni hewa tupu, itakupa upotevu wa desibeli 111 hivi (kila desibeli 10 za upotevu hugawanya nguvu kwa kumi). Lakini katikati kuna ziwa, na maji yaliyotulia ni kioo cha mawimbi ya redio. Wimbi linalogonga maji hufika limegeuzwa kinyume, karibu pamoja na lile lililokuja moja kwa moja, na yakikutana yanafutana. Antena zikiwa mita 3 juu ya maji pande zote mbili, hesabu ya miale miwili, yaani wimbi la moja kwa moja na lile lililogonga maji, inatoa upotevu wa karibu desibeli 141. Hizo 30 zilizozidi maana yake unapokea sehemu moja tu kwa elfu ya ulichotarajia.

Usikimbilie kuongeza nguvu. Nguvu ina kikomo cha kisheria, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo ya kuulizwa. Tafuta mlingoti. Antena zote mbili zikipanda hadi mita 12, unarudishiwa desibeli 24 bila kugusa saketi. Urefu huo upimwe kutoka usawa wa maji, si kutoka ardhini. Waliokuwa ufukweni mwaka 2020 wanajua ziwa hupanda: maji yakiongezeka mita moja chini ya antena ya mita 3, desibeli 3.5 zimekwenda, na huo ni upande mmoja.

Wengine hukwama kabla hata ya kufika ziwani. Osileta, saketi inayozalisha wimbi lenyewe, inakataa kuanza kwenye uigaji wa kompyuta, ilhali mezani ingepiga, yaani ingetoa wimbi. Saketi halisi huamshwa na kelele ndogo ya umeme. Ile ya kompyuta ni kimya kama kaburi. Isukume kidogo: anzisha umeme kutoka sifuri, au ipe kapasita moja volti za mwanzo. Kisha tazama hatua ya muda, yaani muda kati ya hesabu moja ya kompyuta na inayofuata. Wimbi moja la megahezi 868 huchukua nanosekunde 1.15, kwa hiyo hatua ya nanosekunde nzima inachora uongo. Shuka hadi nanosekunde 0.05.

Kinyume chake ndicho kinachoniudhi zaidi: inapiga vizuri kwenye skrini, kwenye bodi inakufa. Hapo mimi hutazama miguu ya kapasita kwanza. Milimita 10 za waya ni takriban nanohenri 10 (kipimo cha jinsi waya unavyopinga mabadiliko ya mkondo), na kwa masafa haya hizo huzuia umeme kama omu 54, zaidi ya antena yenyewe ya omu 50. Kwenye mchoro wako mguu huo una sifuri. Ziandike hizo nanohenri 10, endesha uigaji tena, uone kama bado inapiga.