Dhana potofu kuhusu mshauri wa takwimu za tovuti

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mshauri huitwa kuja kusoma ripoti na kueleza zinasema nini. Ukweli ni kwamba mshauri makini huanza kwa kuzitilia shaka ripoti zenyewe. Chukua duka la mtandaoni ambalo mfumo wake huhesabu oda kila mara ukurasa wa "Asante kwa kununua" unapofunguka: mnunuzi akiufungua tena kesho yake ili anakili namba ya oda, mauzo mamoja yamekuwa mawili, na mwenye duka anafurahia ongezeko lisilokuwepo. Mshauri hugundua hilo kwa kununua kitu kwa majaribio, kuufungua ukurasa huo mara ya pili na kutazama hesabu ikipanda. Kisha humwomba msanidi wa tovuti aambatanishe namba ya oda na kila taarifa inayotumwa, ili mfumo uitambue oda uliyokwisha kuihesabu. Kazi ya namna hii haina mvuto wowote, na ndiyo inayokula saa nyingi za mwanzo.

Wateja wengine hudhani kwamba, hitilafu zikisharekebishwa, takwimu za tovuti zitalingana kabisa na vitabu vya mauzo. Hazitalingana. Wapo wanaokataa vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili imtambue mtumiaji akirudi), wapo wanaotumia vizuia matangazo, na kivinjari cha Safari hufuta vidakuzi vingi vilivyowekwa kwa JavaScript, yaani msimbo wa tovuti unaoendeshwa ndani ya kivinjari, iwapo mtumiaji hakurudi kwenye tovuti ndani ya siku 7, kwa hiyo anayerejea baada ya wiki mbili huhesabiwa kuwa mgeni mpya. Fedha zisomwe kwa mhasibu. Takwimu za tovuti zitumike kulinganisha mwezi na mwezi, au tangazo na tangazo.

Vilevile si kweli kwamba mshauri anaweza kufufua yaliyopita. Tukio ambalo halikurekodiwa halipo, na hata yaliyorekodiwa yana muda wake: toleo la bure la Google Analytics 4, mfumo wa Google wa takwimu za tovuti, huhifadhi taarifa za kina za watumiaji kwa miezi 2, au 14 mteja akibadilisha mpangilio mapema.

Kuna pia wanaoamini kwamba wakishalipa ada, wao wamemaliza. Kwa maoni yangu hapa ndipo mikataba mingi huharibika, kwa sababu mshauri hajui biashara inataka kuamua nini. Swali ambalo mteja anapaswa kuwa na jibu lake ni hili: "Namba hii ikishuka, utabadilisha nini?" Asipokuwa na jibu, namba hiyo haina haja ya kuwekwa kwenye ripoti.

Na akaunti ya mfumo wa takwimu? Wengi hudhani ni sawa mshauri aifungue kwa barua pepe yake ili kuokoa muda. Ifunguliwe kwa jina la mteja, mshauri apewe ruhusa ya kuingia, na ruhusa hiyo iondolewe siku mkataba unapokwisha.