Je, wajua kwa nini Helsinki humpa mtu nyumba kabla hajaacha pombe?

Wengi wetu huamini kwamba mtu asiye na makazi hana budi kwanza kuacha pombe, kutibiwa na kupata kazi, ndipo aaminiwe na nyumba. Kwa miaka mingi imani hiyo ndiyo iliyoongoza huduma za jamii katika miji mingi ya Ulaya na Marekani. Mtu alianzia kwenye bweni la usiku, akahamishiwa kituo cha pamoja, kisha nyumba ya majaribio, na mwishowe, kama hakuteleza, akapewa mkataba wa upangaji. Aliyeteleza alirudishwa mwanzo. Waliofika mwisho wakawa hasa wale wenye matatizo madogo, ilhali waliohitaji msaada zaidi waliendelea kuzunguka kati ya bweni, hospitali na polisi.

Mwaka 2008 serikali ya Finland na miji yake mikubwa, Helsinki ikiwamo, ziliugeuza utaratibu huo kwa kufuata wazo lililoanza kutekelezwa New York mwaka 1992: nyumba hutangulia, matibabu hufuata. Mkulima hauambii mche uoteshe mizizi kwanza ndipo aupe udongo. Huupanda, akaumwagilia, akaukingia jua, kwa kuwa mizizi haioti hewani. Vivyo hivyo, mtu asiyejua atalala wapi leo hutumia nguvu zake zote kuutafuta usiku huo mmoja, na ni vigumu mno kwake kumeza dawa kwa saa au kuitikia miadi ya daktari.

Wapo pia wanaodhani kwamba nyumba hizo hutolewa bure. Hapana. Mpangaji hutia saini mkataba kwa jina lake na hulipa kodi, akisaidiwa na posho ya nyumba kama kipato chake ni kidogo. Akivunja masharti ya upangaji anaweza kuondolewa kama mpangaji mwingine yeyote, lakini kulewa peke yake si sababu ya kumtoa.

Mfano mzuri ni jengo la Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu, Helsinki. Lilikuwa bweni la wanaume takriban 250, nalo likakarabatiwa kuwa nyumba ndogo zipatazo 80, kila moja ikiwa na jiko na bafu lake, huku wahudumu wakiwamo jengoni usiku na mchana. Ni wazi kwamba walioweza kukaa humo wakawa wachache kuliko awali, na ndiyo maana utaratibu huu hauwezi kusimama bila nyumba nyingine nyingi. Hapo ndipo jiji lilipo na nguvu ya pekee, kwani Helsinki humiliki takriban asilimia 70 ya ardhi yake na nyumba za kupangisha zaidi ya 60,000. Taasisi ya Y-Säätiö nayo, iliyoanzishwa mwaka 1985, imenunua nyumba mojamoja katika majengo ya kawaida, na sehemu ya fedha za kuzinunulia, ajabu lakini kweli, ilitokana na mashine za kamari.

Ushahidi una mipaka yake. Jaribio kubwa lililofanyika katika miji mitano ya Kanada kati ya 2009 na 2013 lilionyesha kwamba waliopewa nyumba kwanza walidumu katika makazi zaidi ya wenzao, lakini matumizi yao ya pombe na dawa za kulevya hayakutofautiana sana na ya wenzao. Nyumba, basi, hutibu ukosefu wa nyumba. Ulevi huhitaji tiba yake.

Finland ilikuwa na watu zaidi ya 15,000 wasio na makazi katikati ya miaka ya 1980, wakiwamo waliojihifadhi kwa ndugu na marafiki, na kufikia 2023 walikuwa chini ya 3,500. Mwaka 2024, serikali kuu ilipopunguza posho ya nyumba, idadi hiyo ilipanda tena hadi karibu 3,800.