Injini ndogo za petroli: yale tunaambiana mtaani na ukweli wenyewe

Stima ikipotea jioni hapa Nairobi unasikia mtaa wote umeanza kunguruma, kinyozi ana jenereta, mwenye bucha ana jenereta, kule chini kuna wa kuosha magari na pampu yake, na nyingi ya hizo mashine ni jamii moja tu: silinda moja, petroli, kamba ya kuvuta. Nyingi zikifa mapema au zikiumiza mtu, chanzo ni kitu kilichofanywa au kilichosahaulika kabla ya kamba kuvutwa. Na mara nyingi mtu alifanya vile kwa sababu aliambiwa na mwenzake ndivyo inafanywa. Haya ndiyo nayasikia sana.

"Mashine mpya inakuja na oili ndani."

Hapana jamani. Nyingi zinasafirishwa zikiwa kavu. Mtu anaitoa dukani, anaifikisha nyumbani, anajaza super, anavuta kamba, na inawaka vizuri kabisa, hapo ndipo anadanganyika, kwa sababu dakika chache baadaye pistoni na silinda zinasuguana chuma kwa chuma na injini inanoki kabla hata risiti haijapotea. Injini kama Honda GX160, na zile nyingi za Uchina zilizotengenezwa kwa mfano wake, inameza karibu lita 0.6 tu. Haimalizi hata chupa moja ya lita. Weka oili iliyoandikwa SAE 10W-30 kwa chupa, hiyo ni namba ya unene wake, kwa baridi ya asubuhi ya Julai na jua la Januari inatosha.

Kupima oili nako kuna makosa. Mashine iwe imezimwa na imekaa sawa, isiwe imeinama kwa ngazi ama kwa jiwe. Kwa hizi za aina ya GX kile kijiti cha kupimia oili unakifuta, unakiingiza bila kukikaza, unatoa unaangalia. Zingine zinataka ukaze kwanza, soma kitabu chake. Na usijaze kupita kiasi ukifikiri unaihurumia, oili ikizidi inapanda hadi kwa chujio la hewa na mashine inatoa moshi wa bluu.

"Oili ni oili tu."

Hapa ndipo watu wanaumia zaidi kwa hivyo nitakaa kidogo. Kuna injini ya fo-stroki na kuna ya tu-stroki. Fo-stroki ina tumbo lake la oili pale chini na petroli inakaa kwa tanki peke yake, hazichanganywi. Tu-stroki, kama zile jenereta ndogo za bei ya chini na mashine nyingi za kukata miti, haina hilo tumbo, oili yake inachanganywa na petroli kabla ya kumwaga kwa tanki. Ukisoma 50:1 maana yake ni mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli, na 25:1 ni mililita 40. Petroli tupu kwa tu-stroki inaiua siku hiyo hiyo. Na oili ikichanganywa na petroli ya fo-stroki utapata moshi na plagi, ile inayotoa cheche, ikiwa chafu, halafu utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Kuna pia wanaotumia oili chafu iliyotolewa kwa gari, eti bado inateleza. Hiyo iache ipakwe nguzo za ua. Hizi injini ndogo nyingi hazina hata chujio la oili, kila uchafu unaozaliwa ndani unazunguka humo humo mpaka umwage. Ndiyo maana Honda wenyewe wanasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, maana injini ikiwa mpya inajisaga na kutoa vipande vidogo vya chuma, halafu baadaye kila saa 100 ama miezi sita. Jenereta inayowashwa saa nne kila siku inamaliza saa 100 kwa siku 25! Mwenye kinyozi anayesubiri mwaka mzima anaua mashine yake polepole na hajui.

"Sensa ya oili inasumbua, kata waya."

Hili linaniuma kweli kwa sababu nasikia hata mafundi wakilisema. Unavuta kamba, hakuna cheche, fundi anakuja anachomoa waya wa sensa, mashine inawaka, analipwa, kila mtu anafurahi. Hiyo sensa ilikuwa inakataa kuwasha kwa sababu oili imeshuka ama mashine imewekwa mahali pa mteremko. Kabla ya kugusa waya wowote isawazishe chini, pima oili, ongeza kama imepungua, vuta tena. Sensa yenyewe inaweza kuharibika, ndiyo, lakini basi inunuliwe nyingine, si kuacha mashine bila mlinzi. Na ujue inapima wingi wa oili tu, haijui kama imezeeka.

"Ongeza mafuta ikiwa inanguruma, wateja wasikae gizani."

Tafadhali usifanye hivi. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kukiwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa fikiria juu ya ekzosi iliyo moto. Na ule mvuke ni mzito kuliko hewa, haupandi ukapotea, unatambaa chini sakafuni mpaka ukutane na jiko la jirani wa chapati. Zima, ngoja ipoe, robo saa hivi ni sawa, jaza ukitumia faneli na usifike mdomoni maana petroli ikipata joto inavimba, pangusa iliyomwagika, funga kifuniko, peleka jerikeni mbali ndio uwashe. Usichungulie tanki na kiberiti hata kama tochi ya simu imeisha chaji.

Pale petrol station jerikeni iwekwe chini kwa saruji ikijazwa, sio ikiwa juu ya kiti cha boda, kwa sababu ya umeme tuli. Chupa ya soda isitumike kabisa, mtoto hajui kutofautisha.

Kuhusu kuongeza mafuta taa ndio bei ishuke: petroli iliyochanganywa hivyo inagonga ndani ya silinda, haichomeki yote, na ile isiyochomeka inateremka kwa oili na kuifanya nyepesi. Unaokoa shilingi kwa tanki unazirudisha kwa ringi na pistoni.

"Moshi wake hauonekani, na nimefungua dirisha."

Hii ndiyo inaua watu, na inaua familia nzima wakiwa wamelala. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ni ile ile ya jiko la makaa tunayoonywa kila msimu wa baridi. Mashine inayowaka vizuri kabisa bila moshi bado inaitoa. Dirisha halitoshi, mlango wazi hautoshi, korido ya ploti haitoshi, balkoni pia. Inakaa nje, kama mita 6 kutoka kwa milango na madirisha, yako na ya jirani, ekzosi ikitazama kule hakuna watu. Najua wengi hufungia jenereta ndani wakiogopa itaibiwa na hiyo hofu ni ya haki, basi ifungwe kwa mnyororo na kufuli nje, chini ya kijipaa kilicho wazi pande zote. Na kama ploti yako haina hata hizo mita, hapo mahali si pa jenereta, tafuta taa ya sola ama betri. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu mkiwa wengi kwa pamoja, tokeni nje wote kwanza, maswali baadaye.

"Ikikataa, mimina petroli kwa kabureta."

Kabureta ni pale petroli inachanganyika na hewa kabla ya kuingia kwa silinda, na injini ikirudisha moto unakupata usoni. Fuata mpangilio: fungua bomba la mafuta, swichi iwe on, kama injini ni baridi vuta choki, ile ya kupunguza hewa, hakikisha hakuna kitu kimechomekwa. Vuta kamba polepole mpaka uhisi imeshika, irudishe, halafu vuta kwa nguvu moja. Usiizungushe mkononi, injini ikipiga kinyume inaweza kuvunja vidole. Ikiwaka rudisha choki kidogo kidogo, iache dakika mbili tatu, ndio uchomeke friji.

Ukinusa petroli kali imejaa mafuta ndani. Rudisha choki, vuta mara kadhaa, ikigoma toa plagi uikaushe.

"Imeandikwa 2.5 kilowati na haifiki, ni feki."

Inaweza kuwa feki, lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa huku ni nyepesi. Honda wanakadiria nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300, kwa hivyo hapa unapoteza karibu asilimia 20, na hiyo 2.5 inakuwa kama 2. Kabureta iliyopangiwa Mombasa pia huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa, ndio unaona moshi mweusi na plagi yenye masizi. Fundi anayejua atakubadilishia jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli kwa kabureta, akuwekee ndogo.

Na "petroli haizeeki" pia si kweli. Ikikaa miezi inaacha gundi kwa kabureta, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mashine iliyolala kukataa kuwaka. Kama hutaitumia mwezi hivi, funga bomba la mafuta ikiwa inanguruma uiache ijizime yenyewe, halafu toa petroli iliyobaki ndani ya tanki kabla ya kuiweka mashine stoo.