Pierrot hakuzaliwa na chozi shavuni

Wengi wetu tukimtaja Pierrot, yule mhusika mchekeshaji wa jukwaa la Ufaransa mwenye uso mweupe na nguo pana nyeupe, tunamwona bubu mwenye huzuni, chozi likimtiririka. Inaaminika kwamba ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo.

Kumbe alianza akiwa msemaji. Katika karne ya 17 waigizaji wa Kiitalia waliokuwa Paris walimcheza kama mtumishi mnyofu, mwepesi kudanganyika, na watu wakamcheka. Uso wake aliupaka unga, na hakuvaa kinyago kama baadhi ya wenzake jukwaani.

Ukimya ulikuja baadaye, na sababu yake inanigusa sana. Mwanzoni mwa karne ya 18, majumba ya maigizo yenye kibali cha mfalme yalilinda haki yao ya kuigiza kwa mazungumzo. Waigizaji wa kwenye magulio ya Paris, walipozuiwa kusema, wakatumia ishara na mabango yenye maneno, na watazamaji wakayaimba maneno hayo kwa niaba yao! Katika karne ya 19 Pierrot wa maigizo bubu alikuwa mjanja, mwizi wa vyakula, hata mkatili. Huzuni ilikolezwa zaidi na washairi na wachoraji.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Ukiona picha yake, tafuta kwanza mwaka ilipochorwa, kisha mtazame usoni. Chozi lile utalikuta zaidi kwenye vinyago vya mapambo na mabango ya karne ya 20.