Moshi wa Kuja na Kutoweka Si Lazima Uwe Ringi
Gari kuukuu la porini likitoa moshi wa buluu, wengi huhukumu papo hapo: ringi (pete za pistoni zinazozuia oili isipande ndani ya silinda) zimekwisha, injini ifunguliwe. Haraka hiyo ni ya gharama. Ringi zilizochakaa hutoa moshi karibu muda wote, hasa injini ikibeba mzigo. Moshi unaokuja na kutoweka una nyakati zake. Ukitoka mara tu unapowasha asubuhi, au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu kwa gia, shuku kwanza sili za valvu (vizibo vidogo vinavyozuia oili isipite kwenye valvu), maana oili huchuruzika hapo hadi ndani ya silinda. Mweusi ni habari nyingine: dizeli nyingi, au filta ya hewa imeziba vumbi. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla hujafungua chochote.