Ujuzi wa Kiwanda Usiondoke na Fundi

Tarehe ya fundi kustaafu inajulikana miaka mingi kabla. Kwa utaratibu wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, mtu anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 ni lazima. Ofisi ya utumishi ina faili lake, mhasibu anajua makato yake, wenzake wameshaanza kuchangishana zawadi. Kinachosahaulika ni kumuuliza anajua nini, na kupanga nani atakijua baada yake. Anaagwa Ijumaa kwa keki na soda, Jumatatu mashine inagoma, na mtu wa kwanza kupigiwa simu ni yeye, nyumbani kwake Mbagala.

Hali hii tunakutana nayo mara kwa mara katika kazi yetu ya kutoa mafunzo na ushauri kwenye viwanda vya Dar es Salaam, kuanzia Barabara ya Nyerere na Chang'ombe hadi Ubungo na Mikocheni. Mara nyingi mwenye kiwanda anataka apelekewe kozi: ya uongozi, ya kompyuta, ya huduma kwa wateja. Kozi si mbaya. Lakini ujuzi mwingi anaoutafuta nje ameshaulipia mshahara kwa miaka na miaka, na uko pale pale kwenye mashine, umevaa ovaroli.

Chukua kiwanda cha chupa za maji. Malighafi yake ni chembe za plastiki aina ya PET, na chembe hizo hunyonya unyevu wa hewani. Kabla ya kuyeyushwa ni lazima zikaushwe, kwa kawaida kwenye joto la nyuzi 160 hivi kwa saa 4 hadi 6. Zikiyeyushwa na unyevu wake, maji hukatakata minyororo ya molekuli za plastiki, na chupa inayotoka huwa dhaifu hata kama kwa macho inapendeza. Joto na muda vimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kisichoandikwa humo ni kwamba stoo ya kiwanda hiki inapigwa na upepo wa baharini. Kwamba mfuko uliofunguliwa jioni ya masika ukaachwa wazi hadi asubuhi unahitaji muda zaidi. Kwamba kikaushio cha pili kinaonyesha joto kubwa kuliko lililomo ndani, kwa sababu kihisio chake kimechoka. Haya anayajua opereta wa siku nyingi. Akiingia asubuhi anatazama mifuko ilivyolala, anauliza mvua ilinyesha saa ngapi, anaongeza muda. Ukimuuliza amejuaje, anakujibu, "Nimezoea tu."

Ukisikia "nimezoea tu", ujue hapo ndipo penye mali ya kiwanda.

Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa kumpa mtu fomu ajaze. Mtaalamu wa Japani, Ikujiro Nonaka, aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi kampuni zinavyozalisha maarifa, alipenda kutoa mfano wa kampuni ya Matsushita. Miaka ya 1980 wahandisi wake walikuwa wakihangaika kutengeneza mashine ya mkate ya nyumbani, na mkate wake ulikuwa hauivi sawasawa. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini Osaka. Kwa kufanya kazi pembeni yake aligundua kwamba mwokaji alikuwa akivuta unga kwa namna yake huku akiukanda. Akarudi na ujuzi huo kiwandani, na mashine ikarekebishwa ikavuta unga vivyo hivyo. Ilibidi mtu mwingine mwenye jicho la ufundi akae karibu, ashike kazi, aone.

Hata kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001, toleo la 2015, katika kifungu cha 7.1.6 kinataka kampuni itambue maarifa inayoyahitaji ili kuendesha kazi zake, iyatunze na kuyafikisha kwa wanaoyahitaji. Kifungu hicho ni rahisi kukitimiza kwa faili zuri kabatini. Mkaguzi ataridhika, mashine haitaridhika.

Jambo linalofuata huwa haliwafurahishi mameneja, lakini kwa maoni yangu ndiyo kiini cha suala zima. Mafundi wengi hawafundishi wenzao kwa sababu wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Fundi asiye na cheti, mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kinga yake pekee ni kwamba bila yeye mashine haiwaki. Unamletea kijana aliyetoka chuo, mwenye mshahara unaokaribia wake, unamwambia, "Mfundishe huyu kila kitu." Kwa akili yake timamu, anaona anaandaliwa mrithi. Basi anamfundisha nusu. Ile nusu nyingine anaifanya wakati kijana ametumwa kufuata grisi stoo.

Huwezi kulitibu hilo kwa hotuba kuhusu moyo wa kushirikiana. Linatibiwa kwa maandishi. Fundi apewe barua inayomtambua kuwa mkufunzi wa mashine fulani, posho ya kufundisha itajwe humo, na itajwe pia kwamba ajira yake haitaguswa kwa sababu ya kufundisha. Kwenye tathmini ya mwaka, idadi ya watu aliowaivisha ihesabiwe sawa na idadi ya mashine alizotengeneza. Meneja asiyekuwa tayari kutia saini barua ya namna hiyo asishangae fundi wake akiwa mchoyo.

Vilevile upo utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani kuanza upya. Waajiri wengine wanauogopa: nikimpatia cheti ataondoka. Huenda ataondoka. Lakini fundi anayebaki kwa kuwa hana pa kwenda ndiye huyo huyo anayefundisha nusu. Mwenye cheti mkononi hahitaji tena kuficha kitu ili awe salama.

Tuseme sasa fundi amekubali. Kujua kazi ni kitu kimoja, kuifundisha ni kingine, kwa hiyo naye apewe mafunzo ya kufundisha. Njia iliyo rahisi kuliko zote ilitumika Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vilipojaa watu wasiowahi kushika spana, na baada ya vita ikahamia Japani. Kwanza mtulize mwanafunzi na ujue anachokijua tayari. Pili mwonyeshe kazi hatua kwa hatua, ukitaja pale penye siri ya kila hatua na sababu yake. Tatu aifanye mwenyewe huku anakueleza kwa mdomo wake anafanya nini na kwa nini; asipoweza kueleza, bado. Nne mwachie kazi, mwambie akikwama amwone nani, na urudi kumtazama, mwanzoni mara nyingi, baadaye kidogo kidogo. Wakufunzi wa njia hiyo walikuwa na msemo wao: mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hajafundisha. Ninauamini kabisa.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa sana kwetu. Kijana anaulizwa, "Umeelewa?" Anajibu, "Ndiyo, mzee." Adabu imetimia, kazi haijaeleweka.

Chombo kingine kinachodharauliwa ni daftari la shifti. Fungua la kiwanda chochote usome maelezo ya usiku: "Mashine namba 4 ilisumbua. Imetengenezwa." Maneno hayo hayamsaidii mtu yeyote. Linganisha na haya: "Saa 8 usiku mashine namba 4 ilianza kupiga kelele upande wa mota, beringi ya nyuma ilikuwa ya moto. Tumesimamisha, tumekuta grisi imekauka, tumeisafisha na kuweka mpya. Kelele imepungua, haijaisha. Iangaliwe kabla ya saa 6 mchana, beringi ya akiba iko moja tu stoo." Haya kayaandika fundi yule yule, kwa kalamu ile ile, dakika tano zimeongezeka. Madaftari ya mwaka mzima yaliyoandikwa hivyo ni kitabu cha mashine ambacho hakuna kiwanda cha nje kinachoweza kukuuzia. Ila dakika hizo tano lazima zitoke kwenye muda wa kazi: shifti zipishane kidogo, anayetoka na anayeingia wakutane mbele ya mashine, si getini.

Maandishi yawe ya Kiswahili. Vitabu vingi vya mashine vimekuja kwa Kiingereza au Kichina na vimefungiwa ofisini kwa meneja, ilhali anayevihitaji yuko chini, usiku, peke yake. Na fundi asiyependa kuandika arekodiwe kwa simu akifanya kazi. Video ya dakika tatu, yenye jina la mashine na tarehe, itunzwe kwenye kompyuta ya kampuni. Ikiachwa kwenye kundi la WhatsApp, kesho kutwa imeshazikwa chini ya salamu na matangazo ya misiba.

Vibarua nao wasisahaulike. Wanaoingia asubuhi kwa malipo ya kutwa hufundishwa kidogo kuliko wote, ilhali mara nyingi wao ndio wanaolisha mashine kwa mikono. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelekezo na mafunzo ya usalama, na mkono wa kibarua hukatika sawa na wa mwajiriwa. Wala mwajiri asijione amemaliza wajibu kwa sababu analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa waajiri wenye watumishi 10 na kuendelea. Tozo inasaidia vyuo. Haimfundishi mtu wako jinsi ya kuzima mashine yako.

Mwenye kiwanda anayetaka kujua aanzie wapi, aanze na likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, na mafundi muhimu ndio wanaonyimwa zaidi au kukatishwa. Mwache fundi wako mkuu aende siku zake zote. Kabla hajaondoka, kubalianeni kwamba atapigiwa panapokwama kabisa, na kila simu atalipwa. Supavaiza awe na karatasi moja: kila mara fundi akipigiwa, aandike tarehe, mashine, swali lililoulizwa na jibu lililotolewa. Akirudi, kaeni naye na msaidizi wake, mpitie karatasi hiyo swali moja moja, na mpange kila moja litafundishwa wiki gani, kwa nani, kwenye mashine ipi.